Kadi ya Mwalimu Aminieli

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Solomoni bado umeshika kiwiko cha Eunike. Umeshika wiki nzima, tangu mlipokunja gazeti Jumamosi iliyopita mkaenda kunywa chai yenu, mwanamke wa watu mkamwacha pale Kimandolu mbele ya mashine ya fedha, foleni nzima ikimkodolea macho.

"Shemeji," Solomoni alisema, "umefanya nini na hela za Baba?"

"Niachie mkono kwanza."

"Mashine imekataa namba mara mbili. Mimi nimebonyeza zangu sawasawa. Wewe je?"

"Na mimi nimebonyeza zangu. Niachie, watu wanatuangalia."

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza nitaeleza haraka, maana mimi sina subira na wewe huna. Aminieli Sumari, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa kule Akheri, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Fedha zake za kustaafu na za kahawa ziko benki, zinasubiri operesheni ya macho hayo. Kwa kuwa haoni maandishi ya mashine, ilibidi wengine wamtolee. Lakini mzee huyu hamwamini mtu. Namba yake ya siri aliikata katikati. Tarakimu mbili za mwanzo alimpa Eunike, mjane wa marehemu mwanawe Godbless. Mbili za mwisho alimpa Solomoni, mwanawe aliyebaki, mwenye duka la spea za magari pale Sakina.

Kadi yenyewe hulala kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Kila mwezi anawakabidhi, wanashuka mjini pamoja, mmoja anabonyeza huku mwenzake amegeuza shingo, kisha wanapokezana. Walinzi wa pale Kimandolu wamewazoea mpaka wanawaita maharusi. Mzee aliusifu mpango wake hadi kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na wenzake wakatikisa vichwa kwa kumstahi.

Haya. Solomoni aliachia mkono, wala si kwa huruma. Mlinzi alikuwa anasogea. Wakaingia ndani.

Dada wa kaunta aliitwa Irine, jina liko kifuani. Aliwasikiliza wote wawili wakizungumza kwa pamoja, akainua kiganja.

"Mwenye akaunti yuko wapi?"

"Ni baba yetu," Solomoni alisema. "Haoni vizuri."

"Pole yake. Lakini akaunti ya mtu siizungumzi na mtu mwingine. Nipeni hiyo kadi niangalie kama imeharibika."

Aliipokea, akaigeuza, akaitazama. Halafu akawatazama wao.

"Baba yenu anaitwa nani?"

"Aminieli Sumari."

"Hii imeandikwa Arnold Kimaro."

Solomoni aliinyakua. Akaisogeza mwangani. Eunike naye akainama juu ya bega lake, wakasoma pamoja, midomo ikitembea. Arnold Kimaro. Rangi ni ile ile, nembo ni ile ile, hata ukwaruzo wa pembeni unafanana. Wameshika kadi ya mtu wasiyemjua, wamekuja nayo kutoka Akheri, na wamesimama mbele ya mashine kugombana juu yake.

Msinicheke watu wangu. Wewe uliyeshika gazeti, jina lililo kwenye kadi yako ulilisoma mara ya mwisho lini? Itoe uangalie. Nakusubiri.

Irine alibonyeza kompyuta yake. "Hii ilishafungwa muda mrefu. Mwenyewe aliripoti kubadilishiwa. Ni mchezo unaochezwa kila siku. Mtu anajifanya kukusaidia kwenye mashine, anachukua kadi yako, anakurudishia ya mwingine aliyeibiwa kabla yako. Wewe unaondoka unasema ahsante. Namba ameshaiona."

"Hawezi kuiona," Eunike alisema. "Namba ya Baba hakuna anayeijua yote. Mimi najua nusu, huyu nusu."

"Kuna anayeijua yote, mama. Mashine haipokei nusu." Irine alishusha sauti. "Ninachoweza kufanya ni kuifunga ile kadi ya mzee sasa hivi. Na mzee aje mwenyewe, aende na polisi akaandikishe. Mashine zina kamera. Polisi wakileta barua, picha zitatolewa. Ila awahi, ingawa sijui kama kuwahi kutasaidia. Kila hela ilipotoka, meseji ilikwenda kwenye simu yake."

"Kila ilipotoka?" Solomoni aliuliza. "Imetoka mara ngapi?"

Irine aliuma mdomo. Alijua ameteleza.

"Mzee aje mwenyewe," alisema.

Nje, kando ya muuza matunda, Solomoni alimsimamisha shemeji yake. Sasa hakumshika. Hakuwa na haja tena, maana alikuwa amepata kitu kizuri zaidi cha kumshikia.

"Koti la Baba anafua nani?"

"Mimi."

"Simu ya Baba, meseji zake anamsomea nani?"

"Mimi pia."

"Na mimi nikibonyeza namba zangu, anayesimama ubavuni kwangu ni nani? Wewe unageuza shingo. Macho je?"

"Solomoni, unanijua. Nimekaa nyumba ile tangu wewe uko shule."

"Ndiyo maana umeijua mifuko yote."

"Basi twende polisi. Umemsikia dada, kamera ipo. Twende sasa hivi, wakaangalie nani alisimama pale."

"Polisi ni kwa watu wasio na ukoo," Solomoni alisema. "Jumamosi ukoo utakaa. Nitamwomba mshili alete chungu. Wewe kama una la kusema, liseme kabla hakijavunjwa. Ukikiri, unafungasha vitu vyako kwa amani, unarudi kwa baba yako. Kihamba kinabaki cha ukoo."

Mshili ni mkubwa wa ukoo kwa Wameru. Na chungu ni chungu, kile cha udongo. Mali ikipotea na mwizi hajulikani, watu hukusanyika, maneno husemwa juu yake, kisha hupasuliwa kwenye jiwe. Aliyechukua hufa, na uzao wake humfuata mmoja mmoja. Mchungaji hukataza jambo hilo madhabahuni, na wazee wa kanisa huitikia amina. Lakini chungu kikitajwa, hata wale wanaosema hawaamini huanza kuhesabu watoto wao.

Solomoni hakutaka mwizi. Nawaambia wazi ili msipoteze muda kumtetea. Kipande cha kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, alichoachiwa Eunike kinagusa barabara ya lami, na tangu Godbless azikwe Solomoni amekuwa akikipima kwa macho kila anapopita. Mahali hapo ndipo kaburi la mumewe lilipo. Hapo ndipo Catherine, binti yao wa kidato cha pili, anapopaita nyumbani. Fedha zimeibiwa na mtu mwingine, yeye akaona mlango umefunguka.

Eunike alipanda mlima kurudi Akheri peke yake. Alimkuta mkwewe barazani, kofia magotini, uso ameuelekeza kwenye kahawa iliyoanikwa utadhani anaiona.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mmechelewa."

"Kadi si yako, Baba."

Mzee aliipangusa kofia vumbi.

"Nasema kadi tuliyokwenda nayo si yako. Ina jina la mtu mwingine."

"Hizi benki," mzee alisema, "siku hizi zina uzembe mwingi."

Mmesikia? Hakuuliza ni ya nani. Mtu anaambiwa kadi iliyolala kifuani kwake ni ya mgeni, na yeye analaumu benki kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Eunike alikisogelea kichanja, akaanza kugeuza kahawa kwa viganja.

"Twende polisi kesho. Mwenye akaunti ni wewe. Ukiomba wewe, picha za kamera zitatoka."

"Siendi polisi."

"Basi nipe simu nikusomee meseji. Dada wa benki anasema ziliingia."

"Betri imekufa."

"Betri hiyo ni mpya, Baba. Nilikununulia mimi, Pasaka."

Kahawa ilikoma kuchakacha. Eunike alijifuta mikono kwenye kanga, akaja akakaa kwenye ngazi, chini ya miguu ya mkwewe, akamtazama usoni kwa namna ambayo mkwe hamtazami mkwewe. Lakini mzee haoni, kwa hiyo heshima haikuvunjika.

"Zamani kila meseji ikiingia uliniita. Hata zile za kampuni ya simu za kutuambia tununue bando ulitaka nikusomee. Wiki mbili sasa hujaniita. Ulikwenda lini, Baba?"

Jogoo alipita. Mzee alimsikiliza mpaka akaishia nyuma ya nyumba.

"Siku uliyokwenda msibani Nkoanrua," alisema. "Nilipanda bodaboda."

"Kwa nini?"

"Nilikwenda kutoa hela yangu. Yangu, Mama Catherine. Niliyoifanyia kazi. Nimechoka kusindikizwa kwenye hela yangu kama mtoto anayepelekwa chooni. Nikasema leo nitatoa mwenyewe, nitaiweka mfukoni mwenyewe, hata kama ni ya kununulia karanga."

"Na kioo hukioni."

"Sikioni. Nikasimama pale, napapasa. Nikasikia mtu nyuma yangu. Shikamoo, mwalimu. Mwalimu, hunikumbuki? Ulinifundisha darasa la sita, ukanichapa kwa sababu ya hesabu." Mzee alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nimechapa nusu ya Meru. Ningemkumbukaje? Ana sauti nzuri. Amejipulizia marashi. Akasema, mwalimu, nikusaidie kubonyeza?"

"Ukamtajia namba."

"Nikamtajia."

"Zote nne?"

"Aliniita mwalimu," mzee alisema.

Nina hasira hapa, na sitaificha kwa sababu ya mvi za mtu. Mtoto wake wa kuzaa kampa nusu. Mwanamke anayemfulia, anayemkatia nyama vipande vidogo, anayemshika mkono Jumapili asijikwae kwenye ngazi za kanisa, kampa nusu, na akamwamuru ageuze shingo. Mpita njia aliyejipulizia marashi kapewa yote, na bila shaka kapewa na baraka za mwalimu juu yake.

Eunike hakupaza sauti.

"Mimi ukanipa mbili," alisema. "Miaka yote hii, Baba. Mbili."

Mzee alipapasa kofia yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa kuwa macho hayo hutoa maji hata bila kilio, Eunike hakujua ayaheshimu au ayapuuze.

"Meseji zilipoanza kuingia nikajua. Simu inalia, inalia. Nikaizima. Nilifikiri nitatafuta njia."

"Ungeniambia siku hiyo hiyo. Ningepiga simu benki, kadi ingefungwa. Pengine angepata kidogo tu. Umeizima simu, yeye akaendelea kuchota."

"Najua."

"Haya, Jumamosi waambie watu."

"Siwezi."

"Solomoni ananifukuza, Baba. Ameniita mwizi katikati ya Kimandolu. Ameomba chungu."

"Najua. Amenipigia kwa simu ya jirani." Mzee aliinama, sauti yake ikawa ya chini, ile aliyokuwa akiitumia kwa wazazi wa watoto waliofeli. "Mama Catherine, sikiliza. Mimi nimewafundisha hao wote watakaokuja. Nimewaambia maisha yao yote wasiwe wajinga. Nisimame leo niwaambie nimetapeliwa kwa shikamoo? Solomoni atasema akili zimeniishia. Atachukua akaunti, atachukua kihamba, ataniweka kwenye kona na kikombe cha uji. Na wewe atakutoa vile vile, maana nani atasikiliza neno la mzee asiye na akili?"

"Unataka nini?"

"Sema ni wewe."

Eunike alidhani hakusikia vizuri.

"Sema ni wewe. Waambie ulibanwa na ada ya mtoto, ukachukua ukitegemea kurudisha. Watanung'unika, ndiyo. Kisha nitasimama mimi, mwenye mali, nitasema nimekusamehe. Nikishasamehe, Solomoni hana pa kusimama. Nitamwambia mshili hapo hapo kwamba kile kipande ni cha Catherine. Mbele ya watu wote. Utabaki karibu na mume wako."

"Nikibaki nikiitwa mwizi."

"Watu husahau."

"Na nisipokubali?"

"Chungu kitavunjwa. Na hela hazikutolewa na wewe wala Solomoni. Mwizi namba nilimpa mimi, kwa hiyo mkono uliozitoa ni wangu. Kikivunjwa kitanitafuta mimi. Kikimaliza kwangu kitafuata damu yangu. Catherine ni damu yangu, Mama Catherine."

Alijua anapiga wapi. Ualimu haukumtoka hata kidogo.

Eunike anaimba kwaya ya kina mama, sauti ya kwanza. Kila mara yakizungumzwa mambo ya vyungu yeye husema ni ushamba. Alirudi kwenye kichanja akamaliza kugeuza kahawa yote, safu kwa safu. Alipomaliza alikuwa ameshaamua, na mimi siwezi kumlaumu. Jina lake alikuwa tayari kuliuza, maana mtoto alikuwa mmoja tu.

Jumamosi ukoo ulijaa uwanjani kwa mzee kabla jua halijawa kali. Wanaume walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, ndiyo, yale yale ya kanisani. Wanawake walikaa majanini karibu na jiko. Mshili Yona, mtu mdogo mwenye sauti ndogo, aliingia na gunia, akatoa chungu cheusi kwa kitambaa, akakiweka kando ya jiwe. Mazungumzo yakakatika. Mama mmoja alimvuta mjukuu wake nyuma ya kanga.

Mwalimu Aminieli aliketishwa katikati, amevaa suti ya Pasaka. Solomoni alisimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya mgongo wa kiti.

"Tumekuja kwa jambo moja," Mshili Yona alisema. "Hela za mzee wetu zimeondoka. Aliyeziondoa yupo au hayupo hapa. Kabla sijasema maneno yasiyorudishwa, natoa nafasi. Mwenye neno aseme."

Eunike alisimama. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani.

"Hakuna haja ya chungu," alisema. "Ni mimi."

Sauti iliyopita kwa wanawake haikuwa ya mshangao sana. Wengine walikuwa wameshasambaziwa habari na Solomoni tangu Jumatano. Lakini mlangoni pa jiko Catherine alikuwa ameshika sinia la vikombe, na yeye hakusambaziwa kitu.

"Mama?" alisema.

Eunike hakugeuka. Angegeuka angeshindwa.

"Nilibanwa na ada. Nikachukua, nikitegemea kurudisha. Namwomba Baba msamaha, na ukoo wote."

Maneno yalitoka kama alivyofundishwa, hata pale pa kushusha pumzi alishusha. Akamtazama mkwewe na kungoja. Zamu ilikuwa ya mzee.

"Mwalimu," Mshili Yona alisema, "umesikia. Mwenye mali ni wewe. Unasemaje?"

Mzee aliinuka. Aliegemea fimbo. Alifungua mdomo, na Eunike aliona kabisa neno la kwanza likija.

Solomoni aliinama kwenye sikio la baba yake, lakini alisema kwa sauti ya kutosha mabenchi yote.

"Baba, fikiri kwanza. Ukimsamehe haraka hivi, watu watauliza kama mlikula pamoja."

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akakohoa. Mwalimu Aminieli aligeuza uso wake kuelekea kicheko kile, asione ni cha nani. Alikuwa mzee mwenye suti, mbele ya wanafunzi wake wote, na mmoja wao amecheka.

"Baba," Eunike alisema.

Mzee alimeza neno alilokuwa nalo, akatoa lingine.

"Aende kwao," alisema. Akakaa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Solomoni alikuwa tayari anawaonyesha vijana wawili nyumba ya Eunike, waanze na kitanda. Mwanamke mmoja wa kwaya, wa sauti hiyo hiyo ya kwanza, alitema mate majanini. Catherine aliweka sinia chini, vikombe vikapinduka, akamfuata mama yake, kisha akasita njiani, hatua chache tu kabla ya kumfikia. Kusita kule ndiko kulikomvunja Eunike. Kufukuzwa alikuwa amekutarajia kwa namna fulani, hata alipokuwa akiahidiwa. Mwanawe kuogopa kumshika hakuwa amekutarajia.

Alitembea. Watu walidhani anakwenda kufungasha, wakampisha. Alipita kaburi la mumewe, akampita mshili, akainama kando ya jiwe, akakinyanyua chungu kwa mikono miwili.

Mwanamke hakishiki chungu kile. Hata mshili hukishika kwa kitambaa. Mabenchi yalirudi nyuma kwa kishindo, na kina mama walikuwa wanakimbilia migombani wakivuta watoto.

"Mama Catherine, weka chini," Mshili Yona alisema. Sauti yake ndogo ilikuwa imepotea kabisa. "Weka chini taratibu. Umeshakiri. Hakuna anayekitaka tena."

"Nakitaka mimi." Eunike alikiinua juu ya kichwa. "Nimeambiwa niseme, nikasema. Nimeambiwa nitasamehewa. Sasa mnipe kile mlichonileta hapa kupewa. Aliyezitoa zile hela, kimtafute."

"Shemeji amechanganyikiwa," Solomoni alisema. "Mwacheni avunje. Anajivunjia mwenyewe."

Eunike hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama mtu mmoja tu, mzee wa suti ya Pasaka. Mzee hakuweza kuona chungu kiko wapi, lakini alisikia viatu vikikimbia na benchi likianguka. Kisha kukawa na kimya, na ndani ya kimya hicho alisikia pumzi za mkwewe zikitoka juu ya jiwe.

Sijui kama angekiachia. Catherine alikuwa amesimama nyuma yake, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Mikono ilianza kushuka.

"Usivunje."

Aliyesema ni Mwalimu Aminieli. Alikuwa amesimama, fimbo imeanguka, mikono yote miwili mbele yake, inapapasa hewa.

"Usivunje, mwanangu. Nakuomba kwa jina la Mungu, usivunje."

Hakuna aliyesogea. Mshili Yona alimtazama mzee mwenzake, akatazama chungu, akamtazama tena mzee, na uso wake ukaanza kubadilika polepole.

Solomoni ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa sababu alikuwa mjinga, au kwa sababu alikuwa ameshaelewa, nami bado sijaamua.

"Mwizi ameshakiri, Baba. Chungu kinamtafuta yeye. Wewe unaogopa nini?"